Kitabu Kilichochakaa

Maneno haya niliyasema Ijumaa ya wiki ya vitabu, katika shule moja ya msingi hapa Tanga mjini, siku tulipofungua chumba cha maktaba. Masika ilikuwa imekolea. Wazazi wengi hawakufika, na waliofika nusu yao hawakunisikia kwa makelele ya mvua kwenye bati. Mwalimu Mkuu ameniomba niyaandike ili wote wayapate. Nimeyaandika kama yalivyonitoka, ila pale nilipokohoa.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambaye sijamgusa, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, Mtendaji wetu wa Mtaa, walimu, wazazi wenzangu, akina mama mnaopika pilau nyuma ya madarasa, ambalo harufu yake imenisumbua tangu nilipokaa pale; na ninyi wenye shughuli yenu, wanafunzi. Mmeniamkia kwa mpigo mmoja mpaka nimeshtuka. Marahaba wajukuu zangu. Marahaba sana. Mpo?

Mpo kweli?

Haya. Mimi ni mkutubi. Wengine neno hilo mnalisikia leo, na si kosa lenu. Mkutubi ni mtu wa maktaba. Nimeifanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu mwaka 2018. Watu hudhani kazi ya mkutubi ni kukaa kwenye kiti na kuwaambia watoto "nyamazeni". Hilo nalo nimelifanya, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi. Vitabu vilikuwa vikija kwangu vimevunjika mgongo, vimetoka jalada, vimeng'oka kurasa, nami navishona na kuvijalidi upya, kisha vinarudi rafuni. Kwa hiyo hapa hamkuletewa mtu wa hotuba. Mmeletewa daktari wa mifupa.

Nimekuja na wagonjwa wawili. Darasa la Tatu, mnaiona mikono yangu? Mkono wa kulia nina kitabu kimoja. Tazameni: jalada limeshikwa kwa kitambaa, pembe zimeliwa, hapa kuna doa, nadhani ni la mchuzi, na hapa mtu amechora ndevu kwenye uso wa mwanamke. Mkono wa kushoto nina kitabu cha pili. Kinang'aa. Nikikifungua kinalia "kwii" kama mlango mpya. Sasa niambieni, kipi kizuri?

Mmesema cha kushoto. Wote! Hata walimu nimewaona mnanyoosha vidole kushoto.

Sawa. Hebu tuvigeuze, tutazame nyuma. Ndani ya jalada la mwisho la kila kitabu cha maktaba kuna karatasi ndogo imebandikwa. Mtu akiazima, tunagonga mhuri wa tarehe ya kurudisha. Hiki kinachong'aa kina mihuri mingapi? Njoo, wewe kiranja, njoo uhesabu. Sema kwa sauti. Mmoja! Wa mwaka gani? 1987. Tangu 1987 kitabu hiki kimezungumza na mtu mara moja tu, kikarudi kukaa kimya. Baba zenu wengine walikuwa hawajazaliwa. Haya, sasa huyu mwenye doa la mchuzi. Hesabu. Umeshindwa? Ameshindwa, karatasi imejaa mbele na nyuma, ikabandikwa nyingine juu yake, nayo imejaa.

Nawauliza tena. Kipi kizuri?

Ahaa.

Wajukuu zangu, katika miaka yangu ya kushona vitabu nimejifunza jambo moja ambalo sikulisoma popote. Kitabu hakichaniki ovyo. Kitabu huchanika pale kilipopendwa. Fundi akikiangalia anajua. Kitabu cha mapishi kitachafuka kwenye ukurasa wa biriani, hakitachafuka kwenye ukurasa wa kabichi. Kitabu cha wanyama kitachanika kwa nyoka. Daima ni nyoka. Mtoto anaogopa, anafunga, anafungua tena.

Tulikuwa na atlasi moja kubwa upande wa watoto. Ililetwa kwangu kurasa mbili za katikati zimelegea. Nikaifungua kwenye ramani ya Afrika Mashariki. Nairobi ipo. Dar es Salaam ipo, imefifia kidogo. Mombasa ipo. Natafuta Tanga, Tanga haipo! Pale ilipotakiwa kuwapo pana tundu. Kila mtoto aliyefungua ramani ile aliweka kidole pale akasema "sisi tupo hapa". Kidole baada ya kidole, mwaka baada ya mwaka, mpaka mji wetu wote ukafutika na bahari yake. Mkuu wangu wa kazi akasema tuiondoe rafuni, imeharibika. Nikamwambia hii ndiyo atlasi pekee humu ndani inayofanya kazi. Nikabandika karatasi nyuma ya tundu, nikaandika "TANGA" kwa kalamu ya wino. Baada ya muda ikafutika tena.

Mnajua kitabu kimetengenezwaje? Kwa sababu mtu akijua kitu kimeundwaje hukishika kwa adabu. Karatasi moja kubwa, kubwa kama mkeka, inachapwa pande zote mbili, kisha inakunjwa, inakunjwa tena, na tena, mpaka inakuwa fungu la kurasa 16 au 32. Mafungu hayo yanapangwa, yanashonwa mgongoni kwa uzi, yanapakwa gundi, yanavishwa jalada. Vingi vya siku hizi havishonwi, vinagandishwa kwa gundi tu, ndiyo maana vinamwagika kama karata. Mimi nilikuwa nikitumia shazia, ile sindano kubwa, na uzi uliopakwa nta, na gundi ya unga wa ngano niliyoipika mwenyewe kama uji. Ndani yake natia mrututu kidogo mende wasije wakala. Mrututu ni sumu, ninyi msiuguse. Uji wenu wa saa nne unatosha.

Basi nimeshona mamia ya vitabu. Na sijawahi, nasema sijawahi, kumkasirikia mtoto aliyeniletea kitabu kilichochakaa kwa kusomwa. Aliyekinyeshea mvua nimemkasirikia. Aliyekata picha kwa wembe nimemkasirikia sana, na kama yupo hapa leo ni mzee mwenzangu, anajijua. Lakini kuchakaa kwa kusomwa si uharibifu.

Walimu wangu, sasa nawageukia ninyi, na naomba msininunie mpaka nimalize.

Zamani nilikuwa nikitumwa kuzungukia shule, kuona zina vitabu gani na vinatunzwaje. Nilifika shule moja, mbali na hapa, sitaitaja. Nikapokewa vizuri, soda, karanga. Nikauliza, vitabu vya hadithi mlivyopewa mwaka juzi viko wapi? Wakajibu kwa fahari kabisa: "Vipo, mama, tena vipya. Hatujaruhusu mtoto aviguse." Wakanipeleka stoo. Makufuli mawili! Maboksi matano yamepangwa vizuri chini, bado yana utepe wa kiwandani. Nikaomba tufungue moja. Jalada la juu safi kabisa, rangi zake zinawaka. Nikalishika ninyanyue, nikabaki na jalada mkononi. Ndani hakuna kitu. Udongo mtupu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa boksi, wakala kitabu kimoja baada ya kingine, wakaacha majalada. Maboksi yote matano. Vitabu mia kadhaa vya Darasa la Pili vilisomwa na mchwa, na mchwa hawakufungiwa kabati.

Mwalimu mmoja alilia. Nakumbuka machozi yake kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu mzuri aliyeogopa. Na najua alichokuwa akikiogopa. Vitabu vinaandikwa kwenye leja. Mkaguzi akija anahesabu. Kikipungua kimoja, haulizwi mtoto, anaulizwa mwalimu, na mwingine ameambiwa alipe kwa mshahara wake. Sasa wewe ungekuwa yeye, usingefunga? Mimi ningefunga, na ufunguo ningeuvaa shingoni.

Kwa hiyo lawama siwapi walimu. Ombi langu nalipeleka kwa Mwenyekiti na Kamati yake, mbele ya mashahidi hawa wote. Kwenye leja ya chumba hiki tunachokifungua leo, ongezeni safu moja. Sasa hivi kuna safu ya "vilivyopo", ya "vilivyopotea", ya "vilivyoharibika". Wekeni ya nne: "vilivyochakaa kwa kusomwa". Na safu hiyo ikijaa, mwalimu asiitwe kujieleza. Aitwe kupongezwa. Mwenyekiti, naona unaandika. Andika, nitakuja kuuliza.

Watu wa mji huu tuna msemo wetu, mnaujua: Tanga, waja leo waondoka leo. Wenyewe tunausema kwa kuwatania wageni, maana anayekuja kwa siku moja utamkuta mwaka wa tatu bado yupo Ngamiani ameoa. Vitabu navyo vimeushika utani huo, vikifika kabatini havitoki tena. Mimi nataka vitabu vya chumba hiki viusadiki msemo wenyewe kama ulivyo. Kije leo, kiondoke leo.

Nimeambiwa wiki hii imechaguliwa kwa sababu ya tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995 kuwakumbuka waandishi wakubwa waliofariki mwaka 1616, Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania. Vizuri, Mungu awarehemu. Shakespeare hata kwetu si mgeni, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa chini akamfasiri kwa Kiswahili. Lakini niwaulize, Darasa la Saba: mwandishi mkubwa aliyezikwa karibu kabisa na hapa mlipokaa ni nani? Mtu anaweza kwenda kwa baiskeli na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Mmesema vizuri. Shaaban Robert. Amezaliwa Vibambani, mwaka 1909, na kaburi lake lipo Machui, njia ya Pangani. Mnamjua kwa jina la barabara na kwa maswali ya mtihani. Lakini mnajua alikuwa akifanya kazi gani? Alikuwa karani wa forodha. Mchana anaandika mizigo ya watu, marobota na mapipa, jioni anaandika ya kwake. Hakuwa na ofisi ya uandishi, hakuwa na mtu wa kumletea chai. Alifariki mwaka 1962, hajatimiza miaka sitini.

Kuna jambo moja la Shaaban Robert linanigusa mimi fundi kuliko mashairi yake, washairi mnisamehe. Alikuwa na nduguye, Yusuf Ulenge. Tangu mwaka 1931 hadi 1958 alimwandikia barua. Barua za kawaida za ndugu na ndugu. Na Yusuf Ulenge hakuzitupa. Alizihifadhi, na mwaka 2002 zikachapishwa kitabu. Hebu fikirini: miaka sabini na moja tangu ile ya kwanza! Katika joto hili letu la pwani, na mende hawa, na mvua hizi! Wazazi, ninyi mna karatasi gani nyumbani ya miaka sabini?

Sasa mtu ataniambia: wewe bibi unajikanyaga, mara vitabu vitumike mpaka vichakae, mara karatasi zihifadhiwe miaka sabini. Sijikanyagi. Barua zile zilikuwa zimefunguliwa. Aliyezihifadhi alizisoma kwanza, akajua zina nini, ndiyo maana akazitunza. Yale maboksi ya stoo hayakuwa na mtu aliyejua mna nini ndani, na kitu usichokijua huwezi kukitunza, utakifungia tu.

Paukwa!

Pakawa! Ahsanteni. Nilidhani mmelala.

Sasa zamu ya wazazi, hasa wewe unayejisemea kimoyomoyo "mimi sikusoma, mambo ya vitabu ni ya walimu". Nitawapa hadithi mbili. Ya kwanza ni ya mama yangu mzazi.

Nimekulia kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Wenye umri wangu mnaijua kambi: nyumba zimepangwa mstari, king'ora cha alfajiri, harufu ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Mama yangu alikuwa anaanika nyuzi. Hakujua kusoma, na hakuwa peke yake. Mwaka 1967 watu wazima wawili kati ya watatu katika nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaingia kila mahali, chini ya miembe, kwenye maghala, mpaka kambini kwetu. Darasa la mama lilikuwa bandani saa tisa alasiri, wanawake wamekaa juu ya marobota ya katani, mikono imechubuka kwa nyuzi, wanashika kalamu kama wanashika mwiko. Mimi nilikuwa Darasa la Tatu. Jioni tunashindana, mimi na mama, nani atamaliza ukurasa kwanza. Nilikuwa namshinda, nikaona raha sana, Mungu anisamehe.

Mama alikuwa na doti ya kanga nyekundu na nyeusi. Aliletewa na wifi yake alipojifungua mdogo wangu. Aliipenda mno. Haivai ovyo; ni ya harusi, ya arobaini, ya kwenda kumtazama mgonjwa. Miaka minne anatoka nayo. Sasa Jumapili moja ameifua, ameianika kwenye kamba, upepo umeitandaza vizuri, na yeye kisomo kimeshaanza kumkolea. Nikamsikia uani anakokota silabi. Ki. Ku. La. Cho. Kikulacho. Akanyamaza. Ki. Ngu. O. Ni.

Kikulacho ki nguoni mwako!

Nikatoka mbio nikidhani ameumwa na nyoka. Mama amekaa chini, kwenye maji ya fua, anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Miaka minne," anasema, "miaka minne natembea na maneno ya wifi mgongoni, na waliojua kusoma wananitazama nikipita!"

Wiki ile ile alikwenda dukani Muheza akanunua kanga ya kumrudishia wifi. Alikaa dukani tangu asubuhi hadi adhuhuri, anafunua moja moja, anasoma mwenyewe, mwenye duka anangoja. Aliyoichagua ilisema nini sitawaambia, watoto wapo hapa.

Mwaka 1986 watu wazima tisa kati ya kumi walikuwa wanajua kusoma. Tisa kati ya kumi! Walimu wa historia watawaeleza mipango na sera. Mimi nikiisikia hesabu hiyo namwona mama yangu na mikono yake iliyochubuka, kwenye duka la kanga.

Hadithi ya pili inamhusu mtu ambaye kisomo hakikumpata. Hii ilitokea nikiwa kazini, pale kwenye maktaba yetu ya mkoa, lile jengo la miaka ya 1950 lililokuwa na jina la mfalme wa Waingereza, George wa Sita. Nilikuwa nakaa dawati la watoto. Kulikuwa na binti mmoja wa Sahare, mdogo, miaka kama tisa, aliazima kitabu cha hadithi ya punda aliyepotea. Wiki mbili zikapita, hakurudi. Mwezi. Miezi saba. Kwenye kadi yake nilishaandika "kimepotea".

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, naona anaingia mwanamume mrefu, kanzu nyeupe, kofia ameishika mkononi, na yule binti amejificha nyuma yake. Mvuvi, ukimwona mikono huhitaji kuuliza. Akaweka kitabu juu ya dawati. Nikakichukua. Walimu, nimeona vitabu vilivyoshonwa na mafundi wa kila aina, lakini hicho! Mgongo ulikuwa umekatika, na mtu ameushona upya kwa mshipi wa kuvulia. Mafundo madogo, safi, yamepangana. Tundu zimetobolewa kwa kipimo. Kiliposhonwa kile hakikatiki mpaka kiama. Nikamuuliza, "Nani kashona?" Akasema, "Mimi. Kilifunguka." Nikasema, "Umekuja kulipa faini?" Akasema faini atalipa, lakini hakuja kwa faini.

"Hapa mwisho," akasema, "karatasi zimeanguka majini, hatukuziwahi. Huyu ananisomea kila usiku. Tumefika pale mzee amesimama kwenye njia panda, ameziona kwato mchangani. Sasa hatujui." Akatazama chini. "Tulitaka kujua kama alimpata punda."

Miezi saba, jamani. Mtu mzima, baba wa watoto, amekaa miezi saba na njia panda ya kitabu cha watoto, mpaka akaona aibu ya faini ni ndogo kuliko hiyo. Nilikuwa na nakala ya pili ofisini. Nikampa binti. Akasoma pale pale amesimama, kurasa nne, polepole, akikosea anarudia. Baba yake amefumba macho. Alipomaliza baba akasema neno moja tu, "Basi." Akalipa shilingi zake, akavaa kofia, wakaondoka. Sikumsamehe faini kwa sababu ingekuwa kumvunjia heshima.

Huyo baba hakujua hata a. Lakini nyumba yake ilikuwa na msomaji, kwa sababu ilikuwa na msikilizaji. Mzazi, usiniambie hujui kusoma. Nakuuliza, hujui kusikiliza? Taa ya simu si unayo? Mtoto akisoma vibaya wala hutajua, kwa hiyo hutamkatiza, na hiyo ni faida ambayo sisi walimu na wakutubi hatuna.

Na hapo walimu nawarudia mara moja tu, halafu nakaa. Yule binti alipomaliza zile kurasa nne, hakuna aliyemuuliza "mhusika mkuu ni nani? Taja mafunzo matano uliyoyapata." Nawaombeni, katika chumba hiki kipya, mtoto akimaliza hadithi msimpe maswali kumi. Maswali yana darasa lake, yana mtihani wake, yana mwaka wake wa Darasa la Saba. Humu ndani mtoto akifunga kitabu, mwulizeni kama anataka kingine. Akisema hakimpendezi, akirudishe achukue tofauti. Mimi mwenyewe kuna vitabu vimeheshimika nchi nzima, nimevishona mara tatu, na sijawahi kufika ukurasa wa ishirini.

Nimeona kule mlangoni mmefunga utepe, na mkasi umewekwa kwenye sahani. Mmejiandaa vizuri, lakini Mwalimu Mkuu, utaniwia radhi, utepe tutaukata baadaye kwa ajili ya picha. Kabla ya hapo naomba ufunguo wa lile kabati. Ahsante. Mmemwona? Ameutoa shingoni.

Na hapa nina mhuri. Ni mhuri wa tarehe wa zamani, wa kuzungusha kwa kidole, tarakimu zake zinagoma kidogo. Nimeuweka wino mpya leo alfajiri, naona umeshanichafua mkono. Karatasi nimebandika mwenyewe kwenye vitabu vyote, zote tupu. Siku kumi na nne kwa kila kitabu.

Foleni ianzie kwenye nguzo hii. Hapana, Darasa la Saba rudini nyuma, ninyi mna miguu mirefu. Darasa la Kwanza mbele. Wewe mwenye kandambili ya bluu, njoo. Unataka kipi? Kile cha juu? Mnyanyueni akichukue mwenyewe.